Sauti ya Mama Nafula

Mwanangu, ilianza Jumamosi, saa tisa na robo mchana. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu nilikuwa naiangalia kwenye simu ya mama nikingoja kidole changu kikubali kubonyeza.

Naona haya kukuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nikiulizwa swali darasani huwa naangalia viatu vyangu. Lakini kukhu, nyanya yangu, ameniambia niandike haya yakiwa bado mabichi, nikuwekee. Anasema siku moja utakuja, utataka kuuza kitu kwa simu kama watu wote, na wakati huo mimi nitakuwa nimejisahau, nakuonya kwa sauti ya juu kama mtu ambaye hakuwahi kupotea. Basi nisikilize sasa, nikiwa bado nina aibu.

Tunaishi mtaa wa Kaptembwo, kwenye ploti ya mabati yenye milango inayotazamana. Mama alikuwa anauza mapazia na mashuka ya mtumba. Hakuwa na kibanda. Alikuwa na kamba ya kuanika nguo, simu, na grupu la wateja ambao wengi hakuwahi kuwaona kwa macho. Wengi wao walikuwa wanawake wa mashamba ya maua, wanaokaa mtaa wa Karagita, kando ya mashamba hayo. Kule mtu anakodi chumba kimoja, na pazia halinunuliwi kwa urembo. Pazia ndilo ukuta. Huku kitanda, huku wageni, na katikati ni kitambaa ulichochagua mwenyewe.

Mama alilijua hilo, kwa hivyo hakupiga picha tu na kuandika bei. Alituma sauti. Alisugua kitambaa karibu na simu ili wasikie uzito wake, halafu akasema polepole, "Hii ni nzito, wapenzi wangu. Hata taa ikiwaka upande ule mwingine, mtoto atalala." Walimwita Mama Nafula, kwa jina langu mimi, kifungua mimba wake. Waliomba pazia, kisha wakaanza kumwambia mambo ya nyumbani kwao, naye akawajibu.

Mama alifariki wakati wa mvua. Tulimsafirisha hadi kwao, ng'ambo ya Kitale, tukamzika huko. Kwetu, kabla jeneza halijashushwa, mtu wa ukoo husimama na kuuliza kama kuna mwenye neno na marehemu, ahadi au jambo lililobaki katikati, aje aseme mbele ya watu. Majirani walisimama, wakasema yao. Wale wa kwenye simu hawakuwa hapo, na hakuna aliyewaambia.

Anti Metrine, mdogo wake mama, alihamia kwetu. Alichukua biashara, akanichukua na mimi. Usimwone mbaya. Aliamka alfajiri kwenda kuchagua mtumba, alifua, alianika, alipiga picha. Lakini grupu lilinyamaza. Watu waliona, alama zilionyesha kwamba wameona, na hawakusema kitu. Kisha mmoja akaandika, "Mama Nafula, umenyamaza sana. Tuletee sauti." Wengine wakafuata, sauti, sauti, kama watoto wanaoomba hadithi.

Jumamosi hiyo nilikuwa kwenye bomba. Mtoto wa jirani alikuwa ameacha ndoo yake ikifurika. Nikamwambia, "Brayo, toa hiyo ndoo, mpenzi, inamwagika." Nyuma yangu nikasikia vibanio vya nguo vikianguka kwenye saruji. Anti alikuwa amesimama kwenye kamba, mikono bado iko juu.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Vile umesema sasa hivi." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nimemsikia Rose."

Rose ndiye mama.

Aliingia ndani, akatoka na simu. Nilimwambia, "Anti, watadhani ni yeye."

"Kwani utasema wewe ni yeye? Utasema habari zenu wapendwa. Hiyo si uongo, hiyo ni salamu."

Nikabonyeza. Nikasugua kitambaa. Nikasema rangi na urefu. Nilikuwa nimejiandaa kutetemeka na sikutetemeka. Kabla sijarudisha simu mezani, ikaanza kulia. "Mathe, uliishia wapi?" "Aki nimeskia hiyo sauti nikakaa chini." "Hiyo ya kijani usimpe mtu, ni yangu." Kufikia jioni kamba ilikuwa tupu.

Biashara ilikua, mwanangu, sikufichi. Nilijifunza kutuma asubuhi kabla mabasi ya shamba hayajawachukua, na tena wakitoka shifti, wakiwa wamekaa na miguu inawauma. Nilijifunza kupiga picha pazia likiwa mlangoni, mwanga ukipita ndani yake, badala ya kulilaza kitandani kama maiti. Nilijifunza kumtaja mtu kwa jina, maana mtu akisikia jina lake atakusikiliza hadi mwisho. Wateja waliwaleta dada zao, dada zao wakawaleta majirani. Muhula mzima sikurudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule hata mara moja.

Lakini kulikuwa na mambo ambayo sikumwambia Anti. Kwa sauti ile sikuwa na haya. Mimi, ambaye siwezi kumsalimia mwalimu njiani, niliongea na wanawake wazima kama wenzangu, nikawatania, nikawaita mpenzi. Nikimaliza, koo langu lilikuwa baridi, kama nimekunywa maji ya mtungi. Siku moja nilimwambia mteja, "Chukua hii fupi, Mama Kevo, dirisha lako liko juu ya karo la kuoshea vyombo." Akanijibu, "Bado unakumbuka karo langu." Nilikaa na simu mkononi. Sijawahi kufika kwake. Sijui nani aliniambia kuhusu karo. Pengine mama aliwahi kulitaja nikiwa nafanya kazi ya shule, likaniingia. Najiambia hivyo.

Nyumbani pia watu walibadilika. Nikisema "chai iko tayari," Anti alikuwa anashtuka kidogo kabla ya kugeuka. Akawa ananijibu bila kunitazama.

Halafu akaja Mama Terry.

Mama Terry anapakia maua huko Karagita. Nilikuwa nimemtumia sauti mara nyingi, za mapazia tu. Siku hiyo nimetoka shule nikakuta maneno haya: "Mama Nafula, ulinikataza kuamua nikiwa na hasira. Ulisema hasira ikiisha na bado nimechoka, nikuambie, na utanijibu ukweli. Hasira imeisha. Amenipiga tena, mbele ya watoto. Nifunge mizigo ama nikae? Chenye utasema ndio nitafanya."

Nilimwonyesha Anti. Aliisoma akiwa anakunja shuka.

"Mwambie avumilie, ya ndoa ni ya wenyewe. Halafu muulize ile ya maua ya buluu kama anachukua."

"Anti, anauliza mama."

"Na mama ameenda. Kwa hivyo mjibu wewe, usimwache mtu akingoja."

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Sikujua mtu huambiwa nini. Nikapanda juu kwenye mazungumzo yao, nikatafuta vile mama alivyokuwa anaongea naye, ili nimwige. Nikabonyeza ujumbe mmoja, na simu ikaendelea yenyewe kucheza uliofuata, na uliofuata. Mama akicheka. Mama akisema pole. Mama akisema, hii ni nzito. Mama akitaja bei, rangi, urefu. Kisha nikasikia nyuma ya maneno mtoto Brayo akilia na Anti, aliyehamia kwetu baada ya mazishi, akimbembeleza, nikagundua kwamba hizo za mwisho zilikuwa zangu. Nilikuwa nimejisikiliza kwa muda mrefu nikidhani ni yeye. Sikusikia mahali tulipobadilishana.

Chumba kilikuwa na jua. Hakukuwa na giza lolote la kuogopa. Nikabonyeza kurekodi, na sauti ikatoka bila mimi kuitafuta. "Mama Terry, mpenzi wangu, nimekusikia."

Mlango ukafunguka. Mtu akasema, kwa upole kabisa, "Rose?"

Na mimi nikaitika. "Naam, mama."

Alikuwa kukhu. Alikuwa amekuja kliniki ya macho, na basi lilikuwa limefika mapema kuliko tulivyotarajia. Alisimama hapo na mfuko wake wa ndizi, macho yake yana ukungu. Namba za sekunde kwenye simu zilikuwa bado zinapanda. Kisha akaja hadi nilipo, akaweka kiganja usoni pangu, akashuka hadi kwenye kola ya sweta ya shule, akaishika.

"Huyu ni Nafula."

"Ni mimi, kukhu."

"Basi nani ameitika?"

Nilifuta ile sauti, nikaanza kulia, nikamweleza yote. Kukhu alikaa kitandani, akavua viatu. Hakunigombeza. Alinieleza kitu ambacho hakuwahi kumweleza mtu wa nyumba yetu.

"Nikiwa msichana nilivuna maua ya pareto huko juu Molo," alisema. "Asubuhi tunapanga laini, nyapara anaita majina, unaitika 'yuko.' Ukungu wa huko, huoni hata mwenzako wa pili. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Nasimiyu, alikuwa na katoto kake ka kike. Akalala, hakuamka. Sisi wanawake tukasema, huyu mtoto atakosa posho. Basi jina likiitwa, mmoja wetu aitike. Nyapara hakuwa anaona uso. Nasimiyu. Yuko. Kila asubuhi. Ilikuwa kwa wema, sisemi haikuwa wema.

"Lakini yule mtoto alikuwa anasikia. Akawa anakuja kwenye laini asubuhi, ndani ya ukungu, anagusa sketi moja, anainua macho, anaachilia, anaenda kwa ingine. Anatafuta nani ameitika. Alikuwa ameshiba, na hakuwa amelia hata siku moja. Angelia aje, na mama yake anaitika kila asubuhi?"

Nilimuuliza iliishaje.

"Siku ya zamu yangu alishika sketi yangu kabla jina halijaitwa. Likaitwa, nikanyamaza. Nyapara akaita tena. Kimya. Mtoto akakaa chini kwenye umande akalia, na sisi tukalia, hakuna aliyevuna mpaka jua lilipotoka."

"Na posho yake?"

"Tulimpa yetu. Tungempa yetu tangu mwanzo."

Anti alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, tukiwaambia, biashara itakufa."

"Ikikufa tutaizika," kukhu alisema. "Kuzika tunajua. Hawa watu wamefiwa na hawajui. Umewauzia mapazia na umewaficha matanga."

Anti alikaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya kukhu. Ndipo nilipojua kwamba yeye pia hakuwa amelia. Alikuwa na sauti ya dada yake ndani ya nyumba kila siku. Angelia aje.

Mwanangu, sasa nakuambia mimi, kwa sauti yangu hii ndogo. Ukiuza kwa simu, mtu hakuoni. Yuko ndani ya ukungu, anashika anachosikia. Kwa hivyo jambo la kwanza, usimnyime kujua anaongea na nani. Sema jina lako. Kama bidhaa imeisha, sema imeisha. Kama aliyeianza ameondoka, sema ameondoka, hata kama nusu ya grupu itatoka siku hiyo. Kwenye letu watu walitoka, na wengine hawajarudi, na waliobaki tunawahudumia polepole. Mimi siongei vizuri kama mama. Nasahau kusugua kitambaa. Wananicheka, wananiambia, "Nafula, ongeza sauti, kwani uko kanisani?" Nafurahi wakisema hivyo, kwa sababu wamesema Nafula.

Na mtu akikuletea maisha yake pamoja na oda yake, usimjibu kwa sababu tu anangoja. Mpeleke kwa mwenye umri wa kumjibu. Kukua kwa biashara kusikufanye mtu mzima kabla ya siku zako. Na ukisikia siku moja kwamba unaongea vizuri kuliko unavyoweza, nyamaza kwanza, usikilize ni nani.

Mungu akupe sauti yako mwenyewe, hata ikiwa ndogo. Akupe watu watakaoijua ukiwa hai na watakaoambiwa ukiondoka. Ukiitwa, uitike jina lako tu.

Kesho yake baada ya kukhu kufika, asubuhi kabla mabasi ya shamba hayajapita, sikutuma ujumbe. Nilipiga simu. Ilipokewa mara moja.

"Mama Nafula," Mama Terry alisema, ananong'ona.

"Shikamoo. Mimi ni Nafula. Mama alifariki. Tulimzika. Nimekuwa nikijibu mimi."

Nilisikia watu wakipita kwake, miguu mingi kwenye changarawe.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Woi, mtoto," alisema. Kisha tena, taratibu, "Woi, mtoto. Na mimi nakuuliza nimwache bwanangu."

Alianza kulia. Nilimwacha alie, sikumwita mpenzi. Alipotulia nikamwambia kwamba kukhu, mama yake mama, yuko hapa, kama anataka kuongea na mtu mzima. Akasema anataka. Nikampa kukhu simu mkononi, nikatoka nje, nikavuta mlango nyuma yangu mpaka nikasikia umefungika.