Wimbo wa Bibi Osmunda

Kila ninapofungua sanduku la mablanketi, harufu ya dawa ya nondo hunirudisha kwenye ukumbi wa parokia pale Majengo, Songea, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimeachiwa huru na maduka yameanza kujaa, na walikuja wageni kutengeneza filamu ya vita vya Majimaji. Walitaka kwaya yetu ya watoto iimbe bila ngoma wala kinanda. Fundi wao wa sauti alitundika mablanketi ya masista kwenye kila dirisha kuzuia kelele, na bado jogoo wa jikoni alituharibia majaribio mara mbili, mpaka mwalimu wetu wa kwaya akatoka kumfukuza mwenyewe.

Wimbo mkuu ulikuwa wa maombolezo, wa Kingoni. Bibi Osmunda, ambaye macho yake yalikuwa karibu kufa, alifundishwa wimbo huo na mama yake, naye akamfundisha mjukuu wake Skola, rafiki yangu. Kwa hiyo Skola ndiye angeimba peke yake, sisi tukimwitikia. Mimi niliujua wote, kwa kuwa tuliuimba pamoja tukienda kuchota maji. Nilimwonea wivu hata ugali ukawa haupiti.

Siku moja kabla ya kurekodi, Skola hakuja mazoezini. Alikuwa amempeleka bibi yake hospitali. Mwalimu Haule akaniita.

"Agnesi, pitia kwao Skola, Ruhuwiko, umwambie mwenzio tunarekodi kesho saa tatu asubuhi, siyo saa nane. Mchana upepo unagonga mabati."

Niliitikia. Nilitembea mpaka nikaiona nyumba yao, nguo zimeanikwa uani. Nikasimama. Kisha nikageuza, nikarudi nyumbani.

Asubuhi mwalimu akauliza, "Ulimwambia?"

"Nilimwambia, mwalimu."

Tulisubiri. Fundi akawa anatazama saa yake. Nikanyoosha mkono, nikasema wimbo naujua. Nikauimba wote, jasho likinitiririka mgongoni kwa joto la yale mablanketi, na nilipomaliza fundi alivua hedifoni akatabasamu.

Skola alifika mchana, gauni limenyooshwa kwa pasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Umetuangusha, Skola. Na taarifa ulipata."

Skola alinitazama. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Samahani, mwalimu," akasema.

Miezi ikapita, filamu ikaletwa kwenye mkanda wa video, tukaitazama ukumbini mle mle. Bibi Osmunda aliongozwa kwa mkono akaketi katikati yetu. Ile sauti ilipoanza alilia, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mjukuu wake.

"Skola, mwanangu, nimemsikia mama yangu."

Nilibana pumzi.

"Asante, bibi," Skola akajibu.

Bibi Osmunda alifariki akiamini hivyo. Skola hakurudi kwaya, wala hatukuwahi kulizungumza. Nimeungama kwa padri. Kwa Skola mwenyewe bado.

Utotoni nilidhani siku ile ya video alikuwa akinifichia kosa langu. Nilishakuwa na watoto wangu nilipoelewa kwamba hakuwa akinifikiria hata kidogo: alikuwa akimwachia bibi furaha yake, na yeye akimeza uchungu. Mimi niliposikia ile "asante" nilishusha pumzi, nikafurahi kwamba nimepona. Uongo wangu naweza kuuita utoto. Furaha ile sijaipatia jina.