Mikebe Iliyofura

Mikebe ya nyama ya kusaga ilifika asubuhi, kwenye lori lililotoka Mombasa, na jambo pekee lililotusumbua siku hiyo lilikuwa mahali pa kuiweka. Hoteli yetu pale Juba ilikuwa ndogo: vyumba vya mabati vilivyozunguka ua, jikoni upande mmoja, na nyuma ya jikoni stoo isiyo na dirisha. Mimi nilikuwa mtunza stoo. Mzee Kilonzo alikuwa mpishi mkuu, ingawa wapishi wenzake walikuwa wameacha kazi na ukuu huo ulibaki wa jina tu. Sote wawili tulitoka Machakos, mimi Kangundo na yeye Ekalakala, na kwa sababu hiyo alijipa ruhusa ya kunigombeza kama binti yake.

"Mwaitu, hapo juu hapana," aliniambia nilipopanda kiti kuipanga kwenye rafu. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na yeye alilitumia kwa heshima na kwa kejeli papo hapo. "Hapo ni karibu na mabati. Hii nyama itaiva mara ya pili. Weka chini, kwa simiti. Na usiweke yote hapa, ingine ikae jikoni."

"Jikoni itaibiwa, mzee."

"Wacha iibiwe. Kwetu hata mahindi tunaweka ghala mbili."

Kila mkebe aliubonyeza kifuniko kwa kidole gumba kabla ya kunipa. Uliotulia aliupitisha. Uliofura, au uliobonyea pale kwenye ukingo, aliutia kwenye ndoo ya bluu iliyokaa chini ya meza ya jikoni. Ndoo ikijaa, aliichukua pamoja na jembe, akaenda nyuma ya jikoni na kuizika mikebe hiyo mwenyewe, kina cha goti. Nilimcheka sana kwa hilo. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akiuchimbia mkebe kaburi.

"Ukitupa kwa takataka, mbwa atatoboa," alisema. "Na mbwa ako na mwenyewe."

Aliyetucheka sote wawili alikuwa Nyakor, mama wa kufua nguo. Alikuwa mtu mzima wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikulia kambini Kakuma, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu, na alifurahia kuturekebisha. Siku hiyo alisimama mlangoni na beseni la mashuka akimwuliza mzee kama mikebe hiyo itaombewa pia. Ndivyo tulivyokuwa. Nikikumbuka Juba, hukumbuka kwanza kicheko hicho, halafu mengine yanafuata yenyewe.

Risasi zilianza jioni, mbali, upande wa kambi ya jeshi. Tulidhani ni wezi. Kufikia asubuhi zilikuwa kila upande, na magari ya wageni yaliondoka na meneja ndani yake. Kabla ya kuondoka alituambia kuna nafasi ya watu wawili. Alipotamka wawili alitutazama mimi na mzee, na hakumtazama Nyakor.

Watu walikuwa wanasimamishwa barabarani na kuulizwa kabila. Kabila la Nyakor ndilo lililokuwa linatafutwa mtaani kwetu. Hakuna dereva ambaye angekubali kumbeba.

"Na huyu ataachiwa nani?" mzee Kilonzo aliuliza.

Meneja alifunga mlango wa gari. Nami nilikaa, na sitaki sifa kwa hilo. Nilikaa kwa sababu mzee alikaa, na niliogopa zaidi kuwa njiani bila yeye.

Tuliingia stoo sote watatu. Mlango wake ulikuwa wa bati, rangi moja na ukuta, na mzee aliuegemezea rundo la maboksi matupu kwa nje. Mchana alitoka peke yake kuchota maji kwenye tangi na kuangalia lango, akarudi na kupanga maboksi upya kabla ya kujipenyeza ndani. Chakula tulikuwa nacho: unga, chumvi, mikebe. Moto ndio hatukuthubutu kuwasha.

Nyama ile tuliila baridi. Asiyewahi kuila hivyo nimweleze. Ukifungua mkebe, juu unakuta mafuta meupe yaliyoganda, na chini yake nyama ya rangi ya udongo, laini, isiyohitaji meno. Inanata kwenye kaakaa. Mzee alifungua mmoja kwa kisu, tukaula kwa kijiko kimoja tukipokezana, na kilichobaki hakukubali kilazwe hata kama njaa ingali inauma. Kwa joto lile, alisema, mkebe uliofunguliwa asubuhi ni sumu jioni.

Njaa yenyewe haikumsumbua kama aibu. Alikuwa amepika miaka mingi, harusi, matanga, kambi za barabara, na sasa alikuwa anawalisha watu chakula alichokiita cha paka. Kila mara alipompa Nyakor kijiko aligeuza uso.

Kisha Nyakor akashikwa na homa. Alilala juu ya magunia ya unga, akitetemeka katika joto ambalo mimi lilinitoa jasho nikiwa nimeketi tu. Mafuta yale baridi hayakukaa tumboni mwake. Kila alichomeza alikirudisha, na baadaye akaacha kumeza. Macho yake yalianza kuzama. Niliogopa kwamba tumemficha watu wasimuue ili afe mbele yetu.

Adhuhuri moja milio ilisogea mbali, mpaka tukasikia ndege mtini. Mzee alisikiliza kwa muda mrefu, akasimama.

"Huyu lazima akule kitu moto leo," alisema. "Nitachemsha hiyo nyama nitoe mafuta. Makaa haina moshi."

Nilikubaliana naye. Mpaka leo naona alifanya sawa. Mwanya wa mlango nilikuwa nimeufungua kidogo kumwangalia, na nikaona akichambua kapu la mboga lililokuwa limenyauka. Akapata kitunguu kimoja, kimeota majani.

"Mzee, wacha kitunguu," nilinong'ona. "Chemsha tu."

"Nyama bila kitunguu ni ya hospitali."

"Mzee."

"Mwaitu, huyu mtu amekataa chakula. Ataamshwa na nini?"

Alikikata kwa upole, akakikaanga kwa yale mafuta ya mkebe mpaka kikawa cha kahawia, akamimina nyama, akaonja chumvi. Hakuna mpishi wa kwetu ambaye angefanya tofauti. Sisi sufuria haianzi bila kitunguu, na mkono wake ulikuwa umefanya hivyo kwa miaka mingi kuliko ambavyo kichwa chake kilikuwa kimeogopa. Harufu ilijaa jikoni, ikaingia stoo, na Nyakor akafungua macho na kuuliza ni nini. Mate yalinijaa mdomoni. Nilitaka kulia kwa furaha.

Harufu hiyo haikuishia stoo.

Lango lilipigwa teke.

Mzee hakukimbilia mlangoni kwetu. Alichota mwiko mmoja, akautia kwenye kikombe, akanipenyezea kikombe hicho mkononi. Aliniangalia.

"Msitoke. Hata mkisikia naitwa."

Akapanga maboksi. Nikasikia akishika sufuria kwa vitambaa na kutoka nayo uani.

"Karibuni," nilimsikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anawangojea. "Karibuni, chakula ni tayari."

Kwetu mgeni akikuta sufuria motoni haulizwi kama ana njaa. Anapakuliwa. Mzee alipakua.

Nilimziba Nyakor mdomo kwa kiganja. Hakuhitaji. Alikuwa ameuma shuka.

Walikula. Vijiko viligonga sufuria. Mmoja alicheka. Kupitia tundu la msumari, mlango wa jikoni ukiwa wazi, niliona viatu vya jeshi, na vitako vya bunduki vimewekwa chini. Walikuwa wa upande gani, siwezi kusema hata leo.

Mmoja aliyejua Kiswahili aliuliza, "Wewe uko na nani?"

"Niko peke yangu. Mimi ni mpishi tu."

"Nyama iko wapi ingine?"

Nyama ingine ilikuwa chini ya miguu yangu.

"Iko jikoni," mzee alijibu. "Kuja nikupatie."

Waliingia. Sasa walikuwa upande wa pili wa bati. Nilisikia mzee akishusha ile mikebe ya jikoni, ile niliyosema itaibiwa, na kuitia kwenye gunia. Kama ingekuwa yote stoo, nisingekuwa naandika haya. Kazi ilikuwa imekwisha. Walikuwa wameshiba, walikuwa wamepewa, walikuwa wanageuka waende.

Ndipo mmoja akaiona ndoo ya bluu chini ya meza. Joto la siku zile lilikuwa limefurisha mikebe mingine, na mzee hakuwa amepata nafasi ya kuizika.

"Na hizi?"

"Hizo hapana."

"Unatuficha?"

"Sifichi. Hizo zimefura. Zimeharibika. Ukikula hiyo utakufa."

"Leta."

"Nimesema hapana. Wewe ni kijana ya mtu. Wacha hiyo."

Nilisikia ndoo ikivutwa na ikishikiliwa. Alikuwa amewashikilia ndoo. Watu wenye bunduki, waliokuja kuua, na yeye anawanyang'anya sumu mikononi.

Nilingoja mlio.

Badala yake yule wa Kiswahili akacheka, akawatafsiria wenzake, nao wakacheka. Halafu akasema, bila ubaya wowote katika sauti, "Huyu anajua nyama. Mzee, twende utupikie."

"Mimi ni mzee, siwezi kutembea sana."

"Utabebwa na gari."

Nikasikia hatua zake. Alikuwa na mguu mmoja wa kuburuta kidogo, kwa hivyo nilizitambua kati ya zote. Hazikusita mbele ya mlango wetu. Ziliingia uani, zikafika langoni. Gari likawaka.

Hakuna aliyemwona tena.

Nyakor alikunywa kilichokuwa kwenye kikombe, polepole, machozi yakimtiririka, na kikakaa tumboni. Tuliishi kwa ile mikebe ya stoo, ya chini kwenye simiti, mpaka watu wa misaada walipopita na gari la kukusanya waliobaki. Yeye alishushwa kwenye kambi ya wakimbizi pale mjini, mimi nikapelekwa uwanja wa ndege. Sasa yuko Uganda na wanawe. Hunipigia simu, na bado hunirekebisha Kiswahili.

Mimi nina hoteli ndogo Mlolongo, karibu na mizani ya malori. Madereva wananiuliza kwa nini rafu zangu zimejaa nyama ya mkebe hali bucha liko mlango wa tatu. Nawaambia ni ya dharura, wanacheka, nami nawapakulia. Hukaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia. Kuna siku harufu hiyo hunishika mikono nikashindwa kuendelea, na kuna siku hunifurahisha, na sijui asubuhi itakuwa ipi. Mzee huyo nina hasira naye. Kitunguu chake ndicho kilichowaita. Na yeye ndiye aliyewatoa tukabaki hai. Nimechoka kupima lipi lina uzito zaidi.

Nikipata nafasi hupeleka boksi la mikebe Ekalakala, kwa mkewe, Mama Mutuku. Hana kaburi la kupalilia. Hana cheti chochote cha kumwambia kwamba ni mjane, na kanisani wanawake wenzake hawajui wamweke kundi gani. Huchemsha muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa kutolewa maganda, tukatia ile nyama, tukala. Kisha huniuliza swali lake, lile lile kila mara.

"Kwa nini hakuwaachia hiyo ndoo?"

Nilikuwa namjibu kwamba ndivyo alivyokuwa. Siku hizi humwongezea muthokoi.

Safari ya mwisho nilipofika, alitoa mikebe iliyobaki kutoka safari ya kabla. Alikuwa ameiweka juu ya kabati, karibu na mabati. Mmoja ulikuwa umefura, kifuniko kimetuna. Nilinyoosha mkono niuchukue, akaniwahi. Aliushika kwa mikono miwili, akaubonyeza kwa kidole gumba, ukarudi juu.

"Mimi ningewapatia," alisema. "Ningewafungulia moja moja."

"Najua, mama."

"Angekuwa hapa."

"Ndiyo."

Alikaa nao mapajani mpaka muthokoi ukaanza kushika chini ya sufuria na mimi nikainuka kuugeuza. Niliporudi kumtazama, alikuwa ameshatoka. Nilimwona kupitia mlangoni, nyuma ya jikoni, ameshika jembe. Ardhi ya Ekalakala ni ngumu wakati wa kiangazi, lakini hakuniita nimsaidie. Alichimba mpaka kina cha goti, akapita, akachimba zaidi. Aliuweka mkebe chini taratibu. Akarudisha udongo, akaushindilia kwa viganja, akauinua kidogo katikati, jinsi tunavyoinua kaburi.

Nilitoa sufuria motoni, nikaenda kusimama naye.

"Wacha tu," aliniambia bila kugeuka. "Mbwa ako na mwenyewe."

Maneno hayo sikuwa nimewahi kumsimulia.