Furaha, aliyejifunza Kirundi kwa matangazo ya vifo

Furaha amefariki leo alfajiri. Binti yake Neema ndiye aliyenipigia. Amesema ni moyo, na mama alikuwa usingizini. Nimeelewa kila neno, ila bado halijaniingia.

Tulifanya kazi pamoja kwenye redio moja ndogo hapa Bujumbura, miaka ya vita. Alikuwa amekimbia Uvira, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, na watoto wawili. Alikuja na Kiswahili na Kifaransa. Kirundi, hata salamu ilimshinda.

Mhariri mkuu alimwambia waziwazi: Pasaka ikifika hujasoma taarifa ya habari kwa Kirundi, tutaachana. Kazi nyingine hakuwa nayo.

Wengi mnaniuliza inbox mtu anajifunzaje lugha bila mwalimu. Nilikuwa nawatuma kwake. Sasa itabidi niwaambie mimi, na leo nimechoka, kwa hiyo nitaeleza tu nilichokiona.

Hakuanza na kitabu. Kila mchana redio ilisoma matangazo ya vifo kwa Kirundi, naye alikaa karibu na spika akirudia kwa sauti. Alisema msomaji wa vifo hana haraka, na sentensi ni zilezile: nani, mtoto wa nani, anazikwa wapi. Siku hizo matangazo yalikuwa marefu. Alijua kusema shemeji, mkwe na mjukuu kabla hajajua kuomba maji.

Kila asubuhi alijipa kazi moja ya kufanya kwa Kirundi tu. Siku moja ilikuwa kununua makaa mtaani Cibitoke. Muuzaji, mama mmoja, alimwonea huruma: "Sema tu Kiswahili, mama, sisi wote tunasikia." Furaha akakataa, akakwama kwenye bei, akaondoka mikono mitupu. Yule muuzaji akamfuata kwa kicheko: "Basi leo batoto batakula Kirundi!"

Kesho yake alirudi kwa mama yuleyule. Alipata makaa.

Kosa lake kubwa lilikuwa la neno moja. Kirundi kinasema *ejo* kwa jana, na *ejo* kwa kesho. Kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi.

Tulikwenda Carama, pembezoni mwa mji, kurekodi. Mama mmoja aliyekuwa shambani alituambia jambo kuhusu kuhamishwa, kisha akainama kuendelea na kazi. Mimi nilikuwa mbali, nazungumza na jirani yake. Ofisini Furaha akaandika: jeshi liliwahamisha watu hawa jana.

Taarifa ilikuwa karibu kwenda hewani alipoichukua tena karatasi yake. Akaniuliza, "We, mutu aliyehamishwa jana, leo anapalilia maharage yake namna gani?"

Akarudisha kaseti nyuma. *Bazotwimura ejo.* Ile *zo* katikati ni ya wakati ujao. Watatuhamisha kesho.

Tulisoma "kesho". Watu wa Cibitoke wenye jamaa Carama walisikia, na asubuhi wakaenda huko na baiskeli kusaidia kubeba magodoro na masufuria. Kuhamishwa hakukuzuilika. Lakini vitu vyao havikubaki nyuma.

Tangu hapo aliacha kukariri neno peke yake. Alikariri sentensi nzima, pamoja na mtu aliyeisema na alichokuwa anafanya kwa mikono yake. Na sentensi ikigongana na alichokiona kwa macho, alisikiliza upya. Sijapata ushauri bora kuliko huo, kwa lugha wala kwa kazi ya habari.

Pasaka ilifika. Alisoma. Hakuwa amemaliza kukunja karatasi, simu ikalia: msikilizaji anauliza nani huyu Mukongomani mumeweka hapo. Mhariri alikuwa amesimama mlangoni. Furaha akachukua simu mwenyewe, akamshukuru yule bwana kwa Kirundi, akamuuliza ni neno gani lililomuumiza masikio.

Akatajiwa. Akalirudia. Bwana akamsahihisha, akalirudia tena, hadi kule upande wa pili mtu akacheka na kusema sawa.

Mhariri akatoka pale mlangoni. Alikwenda ukutani palipobandikwa ratiba, akaandika jina la Furaha kwenye zamu ya kesho yake.

Alikaa miaka mingi kwenye zamu ile, na watoto wale wawili aliwasomesha kwa sauti yake.

Pumzika, dada. Umeongea vya kutosha, kwa lugha zote.

Sala ni Ijumaa jioni, nyumbani kwake Kibenga. Jumamosi saa nne asubuhi tunamsindikiza.