Mistari ya Wanja Kando ya Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mfuko wa karatasi nikaambiwa nilivalishe hindi. Nikacheka. Mnyapara Njue, mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi, akaniambia, "Cheka tu, Marigu. Wenzako wako handakini." Nikaushika ule mfuko. Ilikuwa miaka ya emajensi, serikali ya wazungu ikipigana na watu wa msituni, na sisi wa Kibugu tulikuwa tumefungiwa katika kijiji kimoja, handaki pande zote. Wanawake walilichimba kila asubuhi, homugadi, askari weusi wa serikali, nyuma yao na bunduki. Mwenye kipande, kibali cha kazi katika shamba la majaribio ya mbegu, alipona handaki.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Kirimi, Mmeru wa Mikinduri, aliyesomea mimea huko Uganda. Sisi tulimwita Bwana Mimea. Ndiye aliyenieleza ule mfuko. Juu ya hindi hutoka mbelewele, ua la kiume, lenye unga wa manjano ambao siku hizi wajukuu wangu huuita chavua. Chini, kwenye gunzi changa, hutoka ndevu, na kila unywele ukipata unga huzaa punje moja. Basi tulifunika ndevu zisipokee unga wa jirani, kisha tukazipelekea unga wa hindi tulilolichagua wenyewe. Kama kuozesha, lakini bila wazee na pombe.

Kila Jumamosi walikuja wanafunzi wawili wa shule ya misheni: Namu wa hapa Kibugu, na Wanja binti Nthiga wa kule Kiambere. Kwao Wanja ni Umbeere, nchi kavu ya chini, mvua huondoka kabla hindi halijakomaa. Alikuwa ameleta mbegu aliyopewa na nyanya yake, mahindi mafupi yanayowahi kukomaa, ila magunzi kama kidole gumba. Bwana Mimea akampa mistari ayazalishe na mahindi makubwa ya huku juu. Mbegu nyingine yote kwao ilikuwa imeliwa wakati wa njaa. Iliyobaki ndiyo ile ya shambani.

Bwana Mimea hakuwa mtu wa kujibu. Ukimwuliza kitu, alikunja suruali, akachuchumaa, akasema, "Inama. Umeona nini?"

Mahindi yakiwa na punje changa za maziwa, Jumamosi moja akaja Bwana D.O., mzungu mkuu wa tarafa. Akasimama barabarani na kutoa amri: mahindi yote marefu ya karibu na barabara yafyekwe, watu wa msituni wasije wakajificha humo.

"Tupe wiki chache, Bwana," Bwana Mimea akamwomba.

"Serikali hapana ngoja mahindi. Kesho."

Wanja akakaa chini palepale. Namu akasema wayang'oe na kuyahamisha. Njue akamwuliza, "Hindi ni ng'ombe, utalifunga kamba?"

Bwana Mimea akachuchumaa kati ya mistari. "Inameni. Mmeona nini?"

"Ndevu zimekauka," Namu akasema.

"Maana yake?"

"Unga umekwisha kuingia."

"Na mbelewele?"

Wanja akafuta macho. "Haina kazi tena. Ni kama mgeni aliyekwisha kula na bado amekaa."

"Na majani?"

"Jani ndilo jiko, hupika chakula kwa jua." Akainama zaidi. "Lakini haya ya chini yamekuwa manjano. Jiko limezima." Akasimama. "Bwana, tukate vichwa, tuvue majani ya chini, tubakishe yanayozunguka gunzi. Mtu ataona mpaka ng'ambo."

"Utamweleza D.O."

"Mimi? Si umwambie wewe!"

"Nikimwambia mimi, atakuwa amekataa neno langu mara ya pili. Lako hajalisikia."

Asubuhi Wanja alimweleza D.O. hayo yote mbele ya bunduki za homugadi. D.O. akamtazama. "Ndiyo. Mpaka saa kumi. Lakini mimi nataka ona mtu huko mwisho. Kama hapana ona, kata yote."

Tulikata sote, hata Bwana Mimea, hata Njue. Saa kumi D.O. akamwamuru Njue akachuchumae mwisho wa shamba. Kisha mama mmoja, Rwamba, akapaza sauti, "Njue, hata ukilala, hilo tumbo linaonekana toka Embu!" Hata homugadi wakacheka. D.O. hakucheka, lakini alikuwa ameona.

Alifyeka mistari miwili ya kando ya barabara tu, amri yake isije ikaonekana bure. Ilikuwa ya Namu, ambaye naye alikuwa amepewa yake. Kijana alilia, na Wanja akamgawia mstari wake mmoja autunze.

Magunzi yalikuwa madogo na punje za ncha zilisinyaa, lakini mbegu ilipatikana. Ilipandwa Kiambere, ikakomaa kabla mvua haijaondoka, na nyanya yake Wanja aliyala mahindi yake ya kuchoma kabla hajafa. Wanja akawa mwalimu wa sayansi.

Mimi nilifanya kazi pale mpaka mgongo ukakataa, chini ya wakubwa wengine wanne. Waliniaga kwa blanketi. Wanja naye amestaafu, lakini kila msimu huniletea wanafunzi mahindi yakitoa ndevu. Hao huniuliza, wakiniita nyanya kwa lugha yetu, "Cucu, jani lipi likatwe?" Najua jibu. Nanyamaza mpaka wainame.