Jiwe la Bibi na Nyundo ya Jirani

Mwezi uliopita nilikwenda Dutwa msibani, na karibu na kituo cha bodaboda nikawakuta vijana wamekizunguka kijiwe walichokiokota mtoni. Mmoja wao alikuwa ameshika nyundo. Nikamsihi asubiri. "Shikamoo, mzee," akanijibu kwa adabu. "Tunapima tu. Kama ni almasi, haivunjiki." Nilikuwa bado ninaeleza alipokigonga.

Ndugu msomaji, nilitumikia idara ya madini hadi nilipostaafu, na maneno hayo yamenichosha. Niliyasikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto, uani kwa bibi yangu.

Huko asubuhi iliingia kwa sauti ya kibuyu. Bibi alikitikisa magotini hadi maziwa yakatoa siagi, na nyumba nzima ikanuka samli na moshi wa mabua ya mtama. Maziwa yalitoka kwa ng'ombe mmoja aliyesalia. Maksai wake wawili wa kulimia walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, na tangu hapo shamba lake lililimwa baada ya mashamba ya watu wote, mvua zikiwa zimekwenda nusu. "Mwenye kuazima maksai hupanda msimu wa wenzake ukiisha," alizoea kusema, bila kumlaumu yeyote.

Jiwe alilipata akipalilia pamba. Lilizidi kidogo punje ya hindi, na rangi yake ilikuwa ya chai iliyopauka. Halikumetameta; watu hudhani almasi hutoka ardhini ikiwaka, kumbe ikiwa ghafi huonekana kama kitu kilichopakwa mafuta. Umbo lake lilikuwa la mapaa mawili madogo ya nyumba yaliyounganishwa kitako kwa kitako, yenye ncha juu na ncha chini. Nililiweka shavuni, likanipa ubaridi uliokawia kuisha. Bibi aliponawa mikono yenye samli, maji hayakutulia juu ya jiwe lile, ila lenyewe lilimnata kiganjani, maana almasi hukataa maji na kushika mafuta. Akalifunga kwenye pindo la kanga, na tangu jioni hiyo akaanza kuchagua kichwani maksai atakaowanunua: mmoja mwekundu, mwingine wa mabaka, wote wawili wapole.

Jirani yetu alikuwa amewahi kuchimba almasi upande wa Shinyanga, na kijiji kizima kilimheshimu kwa sababu hiyo. Alikuja na nyundo, na watu wakamfuata.

"Mwadila, mayu," akamsalimu kwa kilugha chetu, akimwita mama. "Lete tulipime."

"Kwa nyundo?"

"Almasi haiogopi nyundo. Anayeogopa ni mwenye jiwe la uongo."

"Na likivunjika?"

"Likivunjika, basi umekuwa ukitembea na chupa kiunoni."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka, lakini angefanyaje? Kukataa mbele ya macho yote yale kungekuwa kukiri. Akafungua pindo. Jirani akaliweka jiwe juu ya jiwe la kusagia, akapiga mara moja.

Lilipasuka. "Chupa," akasema jirani, na watu wakatawanyika wakiwa bado na kicheko. Bibi akafagia vipande pamoja na pumba, kuku wakavikimbilia.

Naomba jambo hili lieleweke sawasawa. Ugumu wa almasi ni wa kukwaruzwa: yenyewe hukwaruza kioo na karibu kila jiwe, na hakuna jiwe la kawaida linaloikwaruza. Kupigwa ni jambo jingine. Ndani yake imepangika kwa namna ambayo pigo moja likiangukia mkondo wake huipasua, kama kuni inavyopasuka kufuata nyuzi. Chupa ikivunjika huacha uso uliopinda na kubonyea, kama ndani ya ganda la konokono. Kipande nilichokiona kabla kuku hawajakidonoa kilikuwa na uso bapa, laini, uliong'aa.

Hata hivyo, haki ni haki: yapo mawe mengine yanayopasuka bapa, na kwa kumbukumbu ya jicho la mtoto siwezi kuapa kwamba lile lilikuwa almasi. Hilo ndilo linaloniudhi kupita yote. Kukwaruza kipande cha chupa kwa jiwe lile kungetosha kuanza kujua, na jiwe lingebaki zima. Nyundo haikutoa jibu, ilimwondoa shahidi.

Jirani alifariki akiheshimiwa. Bibi hakuazima tena maksai wa mtu baada ya kicheko kile. Alilima kwa jembe la mkono, sehemu ndogo ya shamba kila mwaka, na kila mwaka sehemu hiyo ikapungua, hadi ikabaki ya kuzunguka nyumba tu.