Mluzi wa Orrin Haskell

Ilikuwa mwaka 1876. Hapana, 1878, maana kanisa la Silver Fork, mji wa migodi huko Marekani, lilikuwa limeshaezekwa, na Orrin Haskell alikuwa ameshashindwa uchaguzi mara mbili. Safari hii aliutaka ubunge kuliko alivyoitaka fedha ya mgodi wake mwenyewe. Alitaka iwepo sheria kwamba kila mgodi uwe na njia ya pili ya kutokea, kwani zamani, akiwa mchimbaji tu, alishuhudia kaka yake akifukiwa.

Alikuwa mtu wa furaha. Alipiga mluzi akinyoa ndevu, akipanda farasi, hata akiomba kura. Mkewe Lavinia alikuwa akimwambia, "Wewe mwanamume utapiga mluzi hadi kwenye jeneza lako."

Siku moja kabla ya kura akateremka shimoni kuwasalimu wachimbaji. Wengi walikuwa watu wa Cornwall, kule Uingereza, na kwao mluzi chini ya ardhi ni mwiko, huuamsha mwamba.

"Karibu, Mheshimiwa!" akamtania Jabez Trevannion, waliyegonga naye nyundo ujanani. "Leo umeikumbuka njia ya huku?"

"Nyamaza wewe. Kura yako naijua."

"Mke wangu mwenyewe haijui, wewe utaijulia wapi?"

Wakacheka wote. Orrin, raha imemjaa, akajisahau. Mluzi ukamtoka.

Nyundo zikanyamaza. Jabez akachukua mshumaa wake. "Umetuharibia siku, Orrin. Twendeni, jamani."

Wakatoka bila kumtazama. Yeye akawafuata, kofia mkononi, kama mtoto aliyevunja chungu. Hawajamaliza kuvua mabuti, ardhi ikatetemeka. Dari ya pale walipokuwa wakichimba ilikuwa imeshuka yote.

Kesho yake akashindwa. Wachimbaji waligawanyika: hawa wanasema kauangusha mwamba, wale wanasema kawatoa. Kiti kikaenda kwa muuza mbao, ambaye habari za migodi hazikumhusu.

Ile njia ya pili Orrin aliichimba hata hivyo, kwenye mgodi wake, bila sheria ya mtu. Hakurudi tena kwenye siasa. Kila mwaka, siku ile, Jabez alimletea mkate wa nyama na viazi wakala barazani, mpaka wote wakazeeka. Na kila mwaka Jabez alitafuna, akatazama mlima, rafiki yake alipomwuliza:

"Sema kweli, Jabez. Siku ile niliwaponza, au niliwaokoa?"