Dakika Sita Ambazo Kamera Haikuona

Watu wa mtaa ule walimwita Kidevu Juu, kwa sababu ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyeketi mbele yake kupigwa picha ya pasipoti. Studio yake ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa duka la dawa: pazia jeupe, kiti kisicho na mgongo, kioo, na chanuo lililofungwa kwa uzi lisije likaondoka na mteja. Kamera yake ya kidijitali ilitengenezwa kwa ajili ya picha za mnato, na kwa miaka tisa aliitumia hivyo hivyo, picha moja baada ya nyingine. Kile kitufe chenye doa jekundu alikuwa akikikwepa kama mtu anavyokwepa kutafunia jino bovu.

Siku alipokibonyeza, kwa kuchoshwa tu na mchana usio na wateja, alimrekodi fundi saa wa jirani akifungua saa ya mkononi. Alipoitazama ile video kwenye kompyuta alishika kichwa. Kila skrubu ilionekana, hata vumbi kwenye kucha ya fundi. Tangu hapo akaanza kujifunza. Alijua kwamba lenzi ikifunguliwa mno, kitu kimoja huwa kikali na vingine vyote huwa ukungu. Aliacha kuiamini kamera ijitafutie fokasi yenyewe, maana ilihangaika kama mtu aliyepotelewa na miwani. Akawa anazungusha lenzi kwa vidole. Alijifunza pia kupima mwanga mwenyewe na kuufunga hapo hapo, kamera isije ikabadilisha mawazo katikati ya kazi.

Video ya fundi saa ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikamfikia daktari bingwa wa upasuaji wa wanawake, katika hospitali iliyokuwa mtaa wa pili. Alikuja studio mwenyewe, mtu mrefu, mpole wa sauti, asiye na haraka. Alieleza kwamba anafundisha madaktari vijana, lakini mezani huenea watatu tu. Wengine hubaki wakiangalia migongo ya wenzao. Alitaka kuwaonyesha jinsi ya kutoa uvimbe kwenye kizazi, mwanzo hadi mwisho. Mgonjwa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekubali kwa sharti kwamba uso wake usionekane.

Kidevu Juu alikubali kabla hajafikiri. Jioni ile alimwambia mumewe, na mumewe akamkumbusha kwamba yeye hata kuku akichinjwa hutoka nje. Ni mama mkwe aliyemsaidia kufanya mazoezi. Alikaa kwenye meza ya jikoni chini ya taa, akashona vifungo vya shati huku mkwewe amesimama kwenye stuli nyuma ya bega lake, kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akifuata sindano. Kasoro ilikuwa moja. Kila baada ya dakika kumi na mbili kamera ilizima kurekodi yenyewe, kwa sababu ndivyo ilivyoundwa, na ilibidi kuibonyeza tena. Jikoni halikuwa jambo la kumnyima mtu usingizi.

"Kama madaktari wenyewe wanashona taratibu namna hii," mama mkwe alisema akikata uzi kwa meno, "mgonjwa ataamka ajiendee zake."

Siku yenyewe alivishwa nguo za hospitali, kofia na barakoa, akavuliwa saa ya mkononi. Muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, aliyeitwa Sista na kila mtu pamoja na daktari, alimpa sheria moja: asiguse chochote chenye kitambaa cha kijani. Alimwonyesha stuli nyuma ya bega la kulia la daktari. Ukutani kulikuwa na ubao mweupe, na juu yake Sista aliandika idadi ya vipande vya shashi, vile vitambaa vyeupe vya kufyonza damu. Pakiti mbili za kumikumi, ishirini.

Taa kubwa ilipowashwa, kidogo achanganyikiwe. Mwanga wake uligeuza shashi kuwa miali mitupu na damu kuwa doa lisilo na umbo. Akapunguza, akapunguza tena, mpaka nyuzi za shashi zikaonekana. Halafu akagundua kwamba akiangalia kwenye kioo kidogo cha kamera na si mwilini, moyo wake ulitulia. Pale palikuwa na picha tu. Kazi yake ilikuwa fokasi.

Alibonyeza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daktari alikuwa akieleza anachofanya, sauti ileile ya upole, na daktari msaidizi upande wa pili wa meza akishika alipoambiwa ashike. Uvimbe wa kwanza ulitoka, mkubwa kama ngumi. Ndipo damu ilipokuja.

Haikuruka kama watu wanavyosimulia. Ilijaa kimyakimya, kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Daktari aliacha kueleza. Aliomba shashi, na nyingine, na nyingine. Mtaalamu wa usingizi, aliyekaa kichwani mwa mgonjwa, alianza kutaja namba za presha, na kila namba ilikuwa ndogo kuliko iliyopita. Kidevu Juu aliinua macho kutoka kwenye kioo cha kamera. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliangalia ile meza yenyewe, akamwona mtu amelala pale, akasahau kwamba ana kazi. Hakujua alisimama hivyo muda gani. Namba zilipoanza kupanda na daktari akashusha mabega, alirudi kwenye kioo cha kamera na kukuta kile kidoa chekundu kinachowaka kamera ikirekodi hakipo.

Alibonyeza haraka. Hakuna aliyeona. Akajiambia kwamba atapaziba wakati wa kuunganisha. Video zote huzibwa mahali.

Uvimbe wa pili na wa tatu ulitoka bila tabu. Kizazi kikashonwa. Kabla ya kufunga tumbo, Sista alihesabu shashi zilizotumika, akahesabu tena, halafu akamwita muuguzi mwenzake wakahesabu pamoja kwa sauti. Zilikuwa kumi na tisa.

Walitafuta sakafuni, kwenye ndoo, chini ya mikunjo ya vitambaa vya kijani. Daktari aliingiza mkono tumboni akapapasa pande zote, mara mbili, akatikisa kichwa. Mashine ya eksirei ya kusukuma, ambayo ingeionyesha ile shashi kama ilibaki ndani, ilikuwa imeharibika tangu wiki iliyopita. Msaidizi alisema huenda pakiti moja ilikuja na tisa. Mtaalamu wa usingizi alisema mgonjwa ameshachukua muda mrefu na presha yake bado si ya kujivunia. Sista alisema yeye hawezi kuandika ishirini kwenye ubao huku anaona kumi na tisa.

Ndipo daktari alipogeuka. "Mama, ile kamera yako inaweza kurudisha nyuma?"

Ilikuwa inaweza. Alifungua video ya kwanza akaikuza. Sista alionekana akifungua pakiti zote mbili na kuhesabu kwa kuweka shashi moja moja mezani. Kila moja ilikuwa na kumi kamili. Daktari alitikisa kichwa taratibu, akamwomba amwonyeshe wakati wa damu.

Kidevu Juu alishusha kamera kutoka kwenye stendi, akaishika mbele ya macho ya daktari bila kuigusa nguo yake. Video ya tatu ilipokaribia kuisha, msaidizi alionekana akiingiza shashi juu kabisa, upande wa kushoto wa mgonjwa, nyuma ya utumbo. Hapo ikakatika. Ya nne ikaanza. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu cheupe.

"Basi imeshatolewa," daktari alisema. "Sekunde moja ipo, inayofuata haipo. Itakuwa tuliitupa vibaya. Tufunge."

Msaidizi alivuta pumzi. Sista alinyoosha mkono kuchukua uzi wa kushonea. Kidevu Juu angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Angeweza hata kusema kwamba mkono wa daktari uliziba, na pengine ulikuwa umeziba kweli. Aliwaza jinsi atakavyotazamwa, mpiga picha za pasipoti aliyejifanya fundi wa video.

"Daktari," alisema, "si sekunde moja."

Wote waliacha walichokuwa wakifanya.

"Kamera ilizima nami sikuona. Nilikuwa namwangalia mgonjwa. Hii imeisha saa nne na dakika arobaini na moja, hii imeanza arobaini na saba. Kuna dakika sita sina."

Daktari aliziangalia zile namba kwenye kioo, kisha akaangalia jeraha. Katika dakika sita zile, kila mtu alikuwa amesukuma na kuvuta. Shashi iliyowekwa juu kushoto ingeweza kutolewa. Ingeweza pia kusukumwa juu zaidi, mahali ambapo mkono wake haukufika kwa sababu hakuwa na sababu ya kufika. Alimwomba mtaalamu wa usingizi dakika tano. Alipewa tatu.

Mkono ulipita ukingo wa utumbo, ukapotea hadi karibu na kiwiko. Mashine ililia mlio wake. Kidevu Juu alikuwa ameirudisha kamera juu ya stendi na, bila kuambiwa, amebonyeza kitufe. Safari hii hakuondoa jicho kwenye kioo. Mkono ulirudi taratibu, na kati ya vidole viwili palikuwa na kitu kilicholoa, cheusi kwa damu, kidogo kiasi cha kumshangaza.

"Ishirini," Sista alisema, akaandika.

Nje, kwenye korido, Kidevu Juu alikaa sakafuni na kofia yake kichwani. Daktari alimkuta pale. Alianza kuomba radhi, na daktari akamwacha amalize, hakumwambia si kitu. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe alikuwa tayari kufunga.

Kesho yake daktari alimweleza mgonjwa kila kitu, pamoja na habari ya kamera. Yule mwalimu alisikiliza, kisha akauliza kama video bado itatumika kufundishia. Alipoambiwa ni juu yake, alisema itumike, ila wasikate ile sehemu ya kutafuta.

Wiki mbili baadaye daktari na Kidevu Juu walikaa studio, pazia limeshushwa, wakiunganisha vipande. Walipofika kwenye lile pengo, alimuuliza daktari kama aweke picha nyingine ya kupazibia, anazo za mikono na vifaa, hakuna atakayetambua. Daktari alikataa. Wakaacha kioo kiwe cheusi kwa sekunde kadhaa, na juu yake Kidevu Juu akaandika kwa herufi nyeupe kwamba dakika sita hapa hazikurekodiwa.

Upasuaji wa pili aliurekodi mwezi uliofuata. Aliomba muuguzi mmoja akae karibu na stuli yake akiitazama saa ya ukutani, amguse mguu kila dakika ya kumi na moja.